Swichi Zisizo na Chapa

Kofia ya kitufe iligoma kutoka. Fundi saa aliibana kwa kibano, akavuta kwa hasira, nayo ikaruka hadi ndani ya kikombe cha chai cha wifi yake.

"Sasa unataka nimeze herufi?" wifi alilalama, akiiopoa kwa kidole. "Si uitupe tu hiyo kibodi?"

"Ni ya kaka yako, wifi. Vitufe kumi na vitatu vimekufa. Nikijua swichi zilizo chini yake ni za aina gani, nitatafuta nyingine."

Kibodi ilikuwa nzito kama tofali. Marehemu, mpiga chapa, aliipenda kuliko chakula, na tangu ainunue ikiwa mpya hakuna mwingine aliyethubutu kuifungua. "Wewe una saa zako," alizoea kumwambia mkewe. Kisha kivuko kilizama, na maji hayakurudisha hata kiatu chake.

Huo ulikuwa mwaka wa pili. Wifi alihamia pale kumliwaza, wakalia pamoja hadi machozi yakaomba likizo. Jirani seremala ndiye hakuomba likizo. Kila wiki alileta saa ileile, "imesimama tena," na kila wiki haikuwa na ugonjwa wowote ila kutotiwa ufunguo. Mwishowe akasema la moyoni.

"Ningoje," mjane alimjibu. "Nikishaitengeneza kibodi ya marehemu, nitakuwa nimemuaga. Hapo nitakupa jibu."

Wifi alipopata habari hakufurahi. "Usikubali upesi. Mke mwaminifu kama wewe siku hizi hapatikani hata kwa tochi."

Swichi zilikuwa na shina la njano na kijumba cheusi, bila chapa popote. Ukibonyeza, zilikwaruza kidogo, kisha zikalia kama ukucha juu ya meza. Fundi saa aliipiga picha ile moja aliyoivua kofia, akaituma kwenye kundi la wapenzi wa kibodi kuukuu.

Majibu yakamiminika. Wa kwanza alitaja kiwanda, wa pili akabisha, wa tatu akamtukana wa pili, na wa nne akataka kuinunua. Wote walibahatisha. Lakini katika mambo hayo, mjuzi akisikia swichi inaitwa jina lisilo lake, huwashwa mwili mzima hadi aseme.

Jioni akaibuka mmoja aliyejiita Kobe, ambaye hakuwahi kuandika neno pale.

"Wote mmepotea," Kobe aliandika. "Hizo zilitoka kiwanda kidogo kilichofungwa zamani. Hazijafa. Pangusa vibati vya shaba kwa spiriti, zitaamka. Ila ya herufi M iache, springi yake ni ya kalamu."

Fundi saa alicheka. M bado ilikuwa na kofia yake. Huyu naye ni mganga?

Akaivua, akakifungua kijumba kwa ncha ya sindano. Ndani ilikaa springi ya kalamu, imekatwa nusu, ncha yake imekunjwa kwa uangalifu.

Kicheko kikamkauka. Akamsogezea wifi simu.

Wifi alisoma mara mbili, akailaza simu kifudifudi mezani.

"Nilimkataza asikujibu," alisema.