Mtama wa Fundi Redio

Chupa zote zilikuwa zimeoza. Mtama uliokuwa ndani, ambao ulitakiwa kujifunga utando mweupe wa uyoga, ulikuwa kijani kama mgongo wa chura. Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Fundi redio alikaa kwenye kigoda cha jikoni, mikono kichwani. Watu walikwishaacha kutengenezesha redio. Uyoga ndio aliotegemea umtoe kimaisha. Sahani ya maharagwe ilipoa mbele yake. Kila chupa zilipooza, chakula kilimgomea.

"Kula, baba watoto," mkewe alisema. "Hayo nimeyachochea tangu asubuhi. Sufuria yangu ya presha unayo wewe."

Kaka wa mkewe, mwenye kituo cha kuoshea magari, alisimama mlangoni akinusa.

"Shemeji, huku kumekufa nini?"

"Hakujafa kitu."

"Basi kuna kitu kimezaliwa, na hakina adabu." Alicheka peke yake. "Sikiliza. Jaribu mara ya mwisho. Mwisho wa mwezi nakuja kuziona. Zikiwa nyeupe, nakuletea majani makavu ya kupandia, lori zima. Zikiwa kijani, Jumatatu unavaa mabuti uje kwangu uoshe magari. Ndoo yako nimeshaiandika jina."

Fundi alikubali. Angefanya nini? Lakini kusugua magurudumu chini ya shemeji, huku akiitwa Profesa Ukungu mbele ya wateja, aliona heri ameze redio nzima na betri zake.

Safari hii hakufanya mchezo. Aliloweka mtama, akauchemsha ukaiva bila kupasuka, akautandaza juu ya shuka ukauke. Alijaza chupa za jemu, akatoboa vifuniko na kuziba matundu kwa pamba ya duka la dawa, ili chupa zipumue bila kuvuta vijidudu. Pamba iliyobaki akaifungia kabatini, ufunguo mfukoni. Sufuria ya presha, chupa zikiwa ndani, ikapiga mluzi mpaka jirani akauliza treni inaelekea wapi. Chupa zilipopoa, fundi akavaa barakoa, akajipaka spiriti hadi viwikoni, akatia mbegu ya uyoga.

Zikapangwa stoo, rafuni, nyuma ya pazia. Ndipo akatoa sheria.

"Hakuna kufungua. Hakuna kusogea. Hata mimi nitachungulia nikiwa mlangoni. Pumzi yangu yenyewe siiamini."

"Na wa kufagia?"

"Wewe tu. Kwa barakoa. Na usizungumze nazo."

"Nizungumze nazo nini? Mimi nimeolewa na wewe, sikuolewa na mtama."

Siku za mwanzo chupa zilikaa kimya. Kisha asubuhi moja alichungulia, na kwenye chupa ya pembeni akaona doa la kijani. Siku hiyo hakutia kitu mdomoni. Mkewe alimtazama, akaondoa sahani.

Kesho yake chupa ile ilikuwa nyeupe.

"Mama watoto! Njoo uone! Na jana nilidhani ni kijani!"

"Macho yako hayo," mkewe alisema, akigeuka mwili mzima kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. "Nilikuambia ukapime."

Ikafuata chupa ya pili, halafu ya tatu, zote zikigeuka nyeupe kama zimeambiana. Fundi akavimba kichwa. Akala, akaongezwa, akala tena. Akaanza kuwasimulia majirani namna uyoga unavyotaka mtu mwenye subira.

Lilibaki tatizo moja: shingo. Alianza kuamka imekaza kama nati yenye kutu. Jioni akawa anaipaka dawa ya kuchua, ile ya mkaratusi, ambayo harufu yake hufika kabla ya mwenyewe.

"Huu mto umekuwaje?" alilalamika. "Nalalia ubao."

"Mto haujabadilika," mkewe alisema, akikunja nguo. "Umri ndio umebadilika."

Mwisho wa mwezi chupa zote zilikuwa nyeupe pe. Shemeji alikuja na mabuti ya mpira mkononi, mtu mwenye uhakika wake. Fundi alivuta pazia, na pale mlangoni kicheko kikamkauka shemeji. Akayaweka mabuti chini taratibu.

"Haya, nimeshindwa," alisema. "Basi fungua moja, na mimi ninuse utajiri."

"Usifungue!" mke wa fundi aliropoka. "Vijidudu!"

"Acha woga, mama watoto. Zimeshaiva."

Fundi alijipaka spiriti, akachukua chupa ya mwisho rafuni, akafungua. Alishika utando kwa vidole viwili, akavuta. Ukaja mrefu, laini, mkavu. Nyuma yake mtama ulikuwa kijani kama mgongo wa chura.

Stoo nzima ikanuka mkaratusi.

"Shemeji," kaka mtu alisema, amekunja pua, akiwa bado mlangoni, "huu uyoga wako una mafua?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anakagua vidole vyake vya miguu.

Akaurudisha utando ndani, akafunga kifuniko, akakaza. Kisha akapita chumbani. Akabonyeza mto wake; pamba ilikuwa imebaki kiganja tu. Akabonyeza na ule wa mkewe, upande wa ukutani. Akarudi, akaketi juu ya kigoda na kuanza kuvaa mabuti.

"Jumatatu saa ngapi?"

"Lakini umeshinda!" shemeji alisema. "Si nyeupe hizo?"

"Nyeupe sana. Saa ngapi?"

Hasara yote ilikuwa hii: ndoo ya mtama, mtungi wa gesi, chupa mbili za spiriti, na mito miwili. Wa mkewe ndio uliotangulia.