Msalaba Ulipofika kwa Restituta

Kila Ijumaa Kuu katika mji ule, watu wa kila nyumba waliubeba msalaba hadi mlango wa jirani. Restituta, aliyemzika bintiye mwezi uliopita, alikuwa amejifungia ndani. Hodi ya tatu ilipopigwa, alifungua kwa hasira.

"Padri, uliniambia niombe, nikaomba. Kwa nini Mungu alimwacha mwanangu afe?"

Waimbaji walioufuata msalaba wakasogea karibu. Padri Gervas alikuwa ameloa jasho.

"Sijui, mama. Yesu naye aliuliza msalabani, 'Mungu wangu, mbona umeniacha?'"

"Yeye mwenyewe aliuliza?"

"Kwa sauti kuu."

Restituta alijifunga kanga kiunoni, akaingiza bega chini ya mti wa msalaba. Pale pa kubebea palikuwa pamelainishwa na mabega ya miaka mingi, na bado palikuwa na joto la jirani aliyeuleta.

"Kwa nini?" alipaza sauti akiinuka nao.

Kwenye mlango uliofuata wenyeji walisimama tayari kuupokea. Restituta akawapita, bado akipaza swali lake. Akaupita na mlango wa pili, mwendo ukizidi, na waimbaji wakaanza kukimbia wasiachwe nyuma.