Kamba ya Fundi Saa

Saini moja tu ilikuwa imebaki, na kitabu kilitakiwa kiwe mtamboni saa kumi jioni.

Mkusanyaji alizipanga karatasi zake mezani kwa mara ya tano tangu asubuhi. Kulia, kauli mia na hamsini za watu wanaotetea bunduki. Kushoto, kauli mia na hamsini za wanaozipinga. Hakuna upande uliozidi hata mstari. Alijisikia vizuri, na alikuwa na sababu, maana kitabu kilichopita kilimtoa jasho: alimnukuu marehemu mmoja ambaye, kitabu kilipotoka, alifika ofisini kwa miguu yake mwenyewe kulalamika. Siku ile mama mwenye kampuni hakupiga kelele. Alimwambia tu, "Ukirudia, funga virago."

Tangu hapo akajitungia masharti, akayabandika ukutani ofisi nzima iyaone. Kauli iandikwe neno kwa neno. Mwenye kauli achunguzwe kimyakimya kabla ya kuaminiwa, kwa sababu mtu akijua anaangaliwa, hujifanya. Na saini ichukuliwe kwa mkono, uso kwa uso, na mkusanyaji mwenyewe. Muuza maziwa aliyesema ana watoto saba alihesabiwa watoto. Wenzake walimcheka chinichini, naye aliwaacha wacheke.

Saini iliyobaki ilikuwa ya fundi saa mmoja mstaafu, aliyekaa nje kidogo ya mji. Alilijibu tangazo lao la gazetini kwa barua fupi: "Nina miaka sabini na sita. Nakaa peke yangu, mlango naufunga kwa kamba, na usingizi naupata. Bunduki ya nini?" Mkusanyaji aliipenda kauli hiyo kuliko zote, kwa hiyo aliihakiki kuliko zote. Ni kweli mzee alikaa peke yake. Namba ya simu aliyoiandika ilikuwa hai. Kamba nayo ilikuwepo, tena ya katani, wala si waya.

Alikuwa ameshavaa kofia yake aende kuichukua hiyo saini, simu ya mezani ikalia.

"Mwanangu, mimi ni yule fundi saa. Ile kauli yangu ifute. Nimenunua bunduki."

Mkusanyaji akaketi, kofia ikamdondoka. Alitazama rundo la kulia, akatazama la kushoto. Mia na hamsini na moja kwa mia na arobaini na tisa.

"Kwa nini tena, mzee wangu? Kauli yako ndiyo nzuri kuliko zote."

"Wakati ule nilikuwa sijatishwa. Sasa kuna mtu ananinyemelea."

"Pole sana, baba. Watu wengine hawana hata haya." Na alilisema hilo kwa moyo wake wote. Kumsumbua mzee wa umri ule, asiye na mtu wa kumtetea! Alimwonea uchungu kama baba yake mzazi.

Mama mwenye kampuni alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. "Mtoe," alinong'ona. "Mtoe yeye na mmoja wa kulia, tumalize."

Mkusanyaji akauziba mkonga wa simu kwa kiganja. "Nimtoe kwa kuwa amebadili mawazo? Hiyo si haki, bosi."

Hapo akakumbuka kitu. Mwindaji mmoja, mtetezi mkubwa wa bunduki, alikuja juma lililopita kusema ameuza yake, akaacha kauli mpya yenye saini, wakamwambia amechelewa. Mkusanyaji akaitoa karatasi hiyo kwenye mtoto wa meza. Mwindaji aende kushoto, fundi saa aende kulia. Pande zikalingana tena. Mama akatabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu ile aibu ya marehemu, alimtazama kama mtu anayemwamini.

"Haya, mzee wangu," mkusanyaji akasema, kalamu mkononi. "Nipe kauli yako mpya, polepole. Siongezi neno wala sipunguzi."

Mzee akakohoa, akaanza, naye akaandika:

"Sikuwahi kutaka bunduki mpaka alipotokea mtu mmoja mrefu mwenye kofia ya kijani. Mara nne nimemwona ng'ambo ya barabara, anautazama mlango wangu huku anaandika kwenye daftari. Majirani amewauliza kama nakaa peke yangu. Simu inalia, nikipokea, hakuna anayesema. Juzi nimerudi kutoka dukani, nikamkuta anaivutavuta kamba ya mlango. Sasa nakaa dirishani, bunduki mapajani. Akikanyaga tena uani kwangu, sitamuuliza jina."

Kalamu ilisimama.

"Umeandika yote?" mzee akauliza.

"Nimeandika, baba."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

"Ahsante, mwanangu. Na hii simu naizima sasa hivi. Nimechoka kupigiwa na bubu." Simu ikakatika.

Mama mwenye kampuni akaja, akaisoma karatasi juu ya bega la mkusanyaji hadi nukta ya mwisho. "Hii sasa ndiyo kauli," akasema. Akatazama saa ya ukutani: saa nane na nusu. Kisha akainama chini ya meza, akaokota kofia ya kijani, akaipangusa vumbi na kumvisha kichwani kwa mikono yake mwenyewe.

"Wahi," alisema. "Saini kwa mkono, uso kwa uso, wewe mwenyewe."