Pua ya Mzee Chambuso

Nchi nzima ilikuwa imeshanyooshwa nyuso kwa amri ya serikali, isipokuwa Mzee Chambuso. Pua yake iliyopinda aliivunja marehemu mkewe kwa mwiko, bahati mbaya, akisonga ugali wiki ya harusi, kisha akaicheka miaka arobaini.

"Babu, ni dakika mbili tu," afisa alimbembeleza mlangoni. "Kuanzia kesho kamera ya mlango huu itafungulia nyuso zilizonyooshwa tu."

"Wakubwa wako walikosa dawa ya mke wangu, leo wamepata ya pua yangu?"

Akachukua bisibisi, akaung'oa mlango, akaulaza juu ya vigoda viwili.

"Meza hiyo. Karibu ugali, mjukuu wangu."

Majirani walichungulia madirishani, wote pua moja, na hakuna aliyethubutu kucheka.