Choroko za Mama wa Andromeda

Sheria ilisema aliyesafiri kwenda galaksi nyingine hakufa, kwa hiyo ni marufuku kumwekea matanga. Watu huja kumpongeza mama, hunywa soda na kuondoka.

Bi Mwanatenga alikwisha kupongezwa vya kutosha. Mwanawe Zubeiri alikuwa Andromeda, ile galaksi jirani iliyojiviringa kama ukili wa kushonea mkeka. Vyombo humfikisha mtu huko kufumba na kufumbua, lakini havirudi, na salamu huchukua miaka milioni mbili na nusu. Asubuhi moja akatandika mkeka barazani, akamwaga choroko juu yake, akakaa.

Mtaa mzima ulipita ukitazama pembeni. Alikuja Bi Zamu peke yake, ambaye bintiye yuko Pembetatu, galaksi ndogo iliyo ubavuni mwa Andromeda. Akavua viatu, akakaa, akaanza kuchambua.

“Wanasema watoto wetu huko ni majirani,” alisema.

“Basi mwanao ampitie wangu, amwombe chumvi.”

“Wangu? Yule mvivu wa kutumwa?”

Wakacheka kidogo, wakaendelea kuchambua.

Mjumbe wa mtaa akasimama mbele yao. “Mama zangu, hapa kuna nini?”

“Tunachambua choroko, mwanangu,” alijibu Bi Mwanatenga.

“Haya. Zikiisha, kila mtu kwake.” Akaenda zake.

Kufika adhuhuri choroko zilikuwa safi, hazina hata kijiwe. Bi Zamu alijifuta mikono, akaanza kutafuta viatu vyake.

Bi Mwanatenga alinyoosha mkono chini ya baraza, akachota changarawe konzi nzima, akazimwaga juu ya choroko, akazichanganya taratibu.