Mahali Miguuni pa Kanali

Mzee Isom alikuwa amelala chali kwenye nyasi, miguuni pa kaburi la Kanali Averett, akijipima. Alinyoosha miguu, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. Panatosha. Alipofumbua, mafundi wawili wa kizungu walikuwa wamemsimamia, wamebeba kipande cha uzio wa chuma.

"Amka, Mjomba," mmoja akasema, kama wazungu walivyomwita kila mzee mweusi. "Hujafa bado, na uzio unapita hapohapo."

"Hapa ni mahali pangu."

"Nani kakudanganya?"

"Mchungaji."

Wakacheka mpaka wakautua uzio chini.

Lakini ni kweli aliahidiwa, na mji mzima wa Larkin, pale Alabama, ulisikia. Kusini ya Marekani ilipokuwa inaelekea kushindwa vita na Kaskazini, Isom, mtumwa wa Kanali, alitokea Tennessee akiendesha mkokoteni wa nyumbu, nyuma kuna jeneza lililojazwa chokaa na kupigiliwa misumari kwa sababu ya joto. "Nimemrudisha nyumbani," alisema, kisha akaanguka kwa uchovu. Mke wa Kanali alizikumbatia zile mbao akazimia, na hakuna aliyethubutu kufungua. Siku ya mazishi Mchungaji Tull aliweka mkono juu ya Biblia akatamka kwamba Isom naye, siku yake ikifika, atazikwa papo hapo, miguuni pa yule aliyemrudisha.

Tangu hapo Isom ndiye aliyeng'oa magugu na kufagia majani pale. Kila mwaka, siku ya kupamba makaburi, wazee wa Jeshi la Kusini walimvika koti la kijivu wakamsimamisha asimulie, nao wakalia kama watoto. Mchungaji alihubiri kwamba Mungu hakuwatupa, aliwajaribu tu, na kwamba Kanali alikufa kifo cha mtakatifu. Isom aliitikia amina.

Mkewe, Hester, hakuwa na amina ya kumpa mtu.

"Huna haya, mume wangu," alimwambia jioni ile, baada ya kusikia habari za uzio. "Ukizikwa pale si atakuita umpigie buti rangi? Ndugu yako Lige, damu yako, mlienda naye vitani kutunza farasi za mzungu huyo. Mpaka leo yuko mtaroni huko Tennessee, hana hata kijiti cha alama. Sijawahi kukuona ukimlilia. Kanali alimwahidi mama yenu kuwarudisha wote wawili, na wewe unamfagilia!"

"Acha, Hester."

"Siachi!"

Asubuhi Isom alikwenda kwa Bi Corinthia, binti wa Kanali, mwenyekiti wa kamati ya akina mama waliochangisha fedha za uzio na sanamu ya kaburini, itakayozinduliwa kesho yake. Alimkuta barazani akinywa maji ya limau na Mchungaji Tull, ambaye sasa alikuwa kikongwe wa kushikwa mkono.

"Mjomba Isom! Koti lako la kesho limepigwa pasi?"

"Limepigwa, Bi Corinthia. Nimekuja kwa habari ya mahali pangu. Mafundi wanapitisha uzio."

Bi Corinthia akaweka bilauri chini. "Mambo yamebadilika, Mjomba. Pale sasa ni mahali pa kumbukumbu. Wageni watatoka mpaka Montgomery."

"Mchungaji," Isom akasema, "uliweka mkono juu ya Biblia."

Mchungaji akachungulia ndani ya bilauri yake. "Nilisema kwa huzuni ya siku ile, Isom. Mungu anaelewa."

"Na mimi nielewe nini?"

"Sikiliza," Bi Corinthia akasema, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. "Mtu mweusi hawezi kulala chini ya jiwe lile. Hajalala, na hatalala. Baba angegeuka kaburini."

Isom akafungua mdomo. Lilikuwapo neno moja la kuwajibu, lilimfika kwenye ulimi, lakini akilitoa tu wangekimbilia majembe. Akalimeza. Akashuka ngazi za baraza, akaenda zake. Umri wake wote alikuwa ameishi kwa ahadi ile, na walikuwa wameifuta wakinywa maji ya limau.

Hata hivyo siku ya pili alikwenda. Kitambaa kilivutwa, askari wa marumaru akatokea na bunduki yake, bendi ikapiga, akina mama wakapepea vitambaa. Kisha wakamwita Isom mbele, nje ya uzio, asimulie.

Alisimulia kwa maneno yaleyale ya kila mwaka. "Nilimkuta asubuhi, kwenye matope. Nikamwosha uso. Nikamwimbia wimbo aliotuimbia mama. Nikamwambia, inuka, twende nyumbani." Sauti ikamkatika, na hilo halikuwa la kila mwaka.

Wazee wa vita wakavua kofia. Bi Corinthia akalibusu lile jiwe. Mchungaji Tull, waliomshika wakimzuia, alipiga magoti kwenye nyasi mbichi, na wazungu wote wa Larkin wakapiga naye.

Hester alikuwa anamsubiri nje ya lango, pale watu weusi waliporuhusiwa kusimama. Walitembea mpaka bendi ikawa haisikiki.

"Nyoka wale," Hester akasema, machozi yakimtoka kwa hasira. "Umri wako wote umewatunzia mzungu wao, leo wanakufungia nje kama mbwa. Na bado unawasimulia! Unawatoa machozi kwa ajili ya Kanali!"

Isom alivua lile koti la kijivu, akalitundika kwenye uzio wa shamba la watu, akaendelea kutembea.

"Kanali nilimwacha mtaroni Tennessee, hana hata kijiti," akasema. "Mimi na Lige, Hester, tulirudi wote wawili."