Komeo la Lango

Kitabu cha ukoo kilisema maadui walilivunja lango la mji na kuuteketeza mji wote, na Athumani akafa akilitetea lango hilo. Kwa wiki tatu Mwanakheri alichimba kwenye magofu ya mji huo akitafuta alama za vita hivyo. Asubuhi ile alilipata komeo la chuma, zima, halijapinda, limelazwa kando ya ukuta kwa upande wa ndani. Majivu ya mji ulioungua yalikuwa juu yake. Basi kuna mtu aliyelifungua lango kabla ya moto, naye alikuwa ndani.

Mwanakheri aliketi, akasimama, akaketi tena. Mzee Shekuwe, wa ukoo wa Athumani, aliyemwazima kitabu kile, alikuwa akishuka shimoni.

"Umeona nini, mwanangu?"

"Komeo, baba. Halikuvunjwa."

Mzee alilitazama komeo. "Kitabu kiliandikwa na mtoto wa Athumani," alisema. "Mji ulipoungua alikuwa na miaka saba."

"Sina budi kuandika nilichokiona."

"Andika."

Kisha mzee akapiga magoti, akaanza kufukua mchanga kwa vidole pale komeo lilipoishia, taratibu, kama anayetafuta mkono uliolishika.